Makofi kwa Calvince

Seline alikuwa na sauti ambayo ingefaa ifungiwe kwenye sanduku na ufunguo apewe askofu. Siku alipomlilia marehemu katekista wa Usenge, ng'ombe wa boma la jirani walikataa kunyonyesha kwa siku tatu, na dereva wa lori la dagaa wa omena, mtu mgumu ambaye hajawahi kumwomba mtu msamaha tangu azaliwe, alisimamisha gari katikati ya barabara akampigia simu mke aliyemfukuza. Wapo wanaosema sauti hiyo ilivuka maji ikafika Port Victoria, watu wa kule wakaanza kuulizana nani amekufa. Hilo la Port Victoria limetiwa chumvi kidogo. La ng'ombe ni kweli tupu, na anayebisha aende akawaulize.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kulilia wafu wa watu. Tena si kulia kwa machozi, maana machozi hata kitunguu kinayatoa. Alikuwa anatoa dengo, wimbo wa msiba ambao mwanamke huuimba akizunguka jeneza, akimwita marehemu kwa majina yake yote mpaka waliokuja kula wali tu wajikute wamekaa chini, sahani mapajani. Walimwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kwa sababu huko ndiko alikotoka kabla ya kuolewa Usenge.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kufungua mdomo aliketi jikoni kwa wafiwa akawahoji kama askari. Mama yake ni wa wapi? Nyanya yake je? Aligombana na nani, na kwa sababu gani? Akila samaki alianzia kichwani au mkiani? Wafiwa wakichoka kujibu, aliwaambia, "Mtu asiye na majina ni gogo. Mimi silii gogo."

Hivyo ndivyo alivyowalilia watu wa ufuko mzima, wema na wezi, mpaka ukafika wakati ambapo kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakutaka kumwimbia.

Huyo alikuwa Calvince, kitinda mimba wake, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akicheka kwa pua. Walikwenda kuvua wanne. Kesho yake mashua ilionekana imelala kifudifudi mbali na ufuko. Watatu walitolewa majini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja Seline alimwimbia mpaka mwisho, kwa sababu kazi ni kazi. Wa nne ziwa halikumrudisha. Seline alikaa ufukweni siku tisa. Siku ya kumi alienda nyumbani akachukua shati la Calvince la rangi ya samawati, akalifua, akalianika. Tangu hapo alilifua kila Jumamosi, shati ambalo hakuna aliyelivaa, kwa miaka mitatu, mpaka likawa jeupe.

Sasa, kwa Wajaluo mtu akipotea namna hiyo haachwi hivyo hivyo. Unatafutwa mti wa yago, ule wenye matunda marefu ya kijivu, mazito kama mkono wa mtu mzima, yanayoning'inia kwenye kamba kana kwamba yamehukumiwa. Linachumwa tunda moja. Linavishwa shuka, linalazwa kwenye jeneza, linaliliwa, linazikwa. Likishaliliwa, lile tunda ndilo mtu mwenyewe, na mtu huyo amekufa.

Mzee Obiero, kaka ya marehemu mume wake, alikuja kulisema jambo hilo mara tatu. Mara ya tatu hakukubali hata kiti.

"Nyar Uyoma, kijana analala nje."

"Analala Uganda," Seline alisema. "Kuna visiwa huko ambako watu hawana simu."

"Visiwa gani?"

"Ningejua ni vipi, ungenikuta hapa?"

"Tulete yago, tumlaze. Hata wewe upumzike."

"Mtoto wangu si tunda, Mzee. Ukiwa na hamu ya kuzika tunda, zika lile papai lako, limeoza tangu Pasaka."

Obiero aliondoka bila kuaga, na Seline alicheka peke yake mpaka kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi. Alijua vizuri kwamba siku atakapokubali yago, hatakuwa tena na mtoto wa kungoja.

Mwezi wa tisa vyuo vilifunguliwa, na mawingu ya vuli yakaanza kukaa juu ya ziwa. Siku moja alifika msichana wa mjini Kisumu aitwaye Sheryl, viatu vyeupe vimejaa magamba ya samaki, mkononi barua yenye muhuri. Alikuwa katibu wa chama cha utamaduni katika chuo kikuu kimoja kilicho mbele ya Kisian, kwenye barabara ya Busia. Alimkuta Seline akigeuza omena kwenye wavu, akachutama kando yake kwa adabu.

"Dani," alimwita, kama Wajaluo wanavyomwita nyanya, "tuko na Wiki ya Utamaduni mwezi wa kumi. Kila kabila inaleta kitu yake jukwaani. Sisi tunataka dengo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Ni ya kuonyesha tu."

Seline alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia jikoni mwenyewe. "Kwetu Uyoma mwanamke mmoja alifanya mazoezi ya dengo akipalilia mtama. Hakuna aliyekuwa amekufa. Kufika jioni, walikuwa wamekwenda kuku kumi na wawili, mbwa, na mume wa jirani."

"Wote walikufa?"

"Mume wa jirani alipona. Lakini hata leo ukimwuliza saa anakuambia bei ya sukari."

Sheryl alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki, akameza kicheko. "Hiyo tumeifikiria, Dani. Daktari Wechuli, mwalimu wetu, alisoma kwamba mtu akipotea mnazika yago. Na iko yago kubwa pale chuoni karibu na maktaba. Tutavisha tunda shuka, tuweke kwa jeneza. Itakuwa ni kama maziko kabisa. Hutakuwa unaimbia jeneza tupu."

Mkono wa Seline ulisimama juu ya wavu.

"Rudi na barua yako, mjukuu wangu. Jua litakuwa kali."

Msichana, akidhani bibi anaona shughuli yenyewe ni ndogo, alifungua simu akaanza kusoma orodha ya wageni: ngoma ya isukuti kutoka Kakamega, wapiga obokano wa Kisii, Wateso, Wakuria, kikundi cha ngoma cha wanafunzi wa Uganda kutoka visiwani...

"Rudia hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo pa visiwani."

Sheryl alirudia. Seline aligeuza omena ambao walikuwa wamekwisha kugeuzwa. Akauliza kama siku hiyo watu wa kikundi hicho wataketi karibu naye au mbali, na kama wanajua Kiswahili. Aliambiwa wataketi karibu na wanajua kidogo. Hivyo akakubali. Hakwenda kwa ajili ya jukwaa. Kwenye pindo la leso alifunga picha ndogo ya Calvince, ile ya kitambulisho, na ndiyo aliyokwenda nayo.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya katikati ya mwezi wa kumi. Chuo kilikuwa kimevaa mahema. Wasichana walivaa sketi za katani juu ya suruali za kubana, vijana walishika ngao za katoni ambazo bado ziliandikwa jina la mafuta ya kupikia, na mmoja, eti mzee wa vita, alikuwa kichwani na manyoya aliyoyang'oa kwenye ufagio wa kupangusia vumbi. Seline alimwambia Sheryl kwamba adui akimwona yule atakufa, ila kwa kucheka. Alikuwa mchangamfu asubuhi ile. Alitembea haraka, mkono mmoja ukishika pindo la leso.

Aliwakuta wapiga ngoma wa Uganda wakianika ngozi za ngoma juani. Akafungua fundo, akatoa picha. Ilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akiitazama kwa heshima na kuipitisha kwa mwenzake, mpaka ikamfikia msichana mrefu aliyekuwa amekaa juu ya ngoma yake.

"Huyu simjui, mama," alisema polepole, akitafuta maneno. "Lakini kwetu wanakuja wengi kutoka upande wenu."

Seline alimsogelea. "Wanakuja? Wanakaa wapi?"

Msichana aliona alivyoeleweka, akainamisha uso. "Hapana, mama. Wanaletwa na maji. Watu wa ufukoni wanawazika pale pale, kwa sababu hakuna anayewajua. Baba yangu amezika sita. Anaweka jiwe."

"Anawaimbia?"

"Atawaimbia namna gani? Hajui majina."

Alimrudishia picha kwa mikono miwili. Seline alijaribu kuifunga tena kwenye pindo la leso, fundo likakataa, akaiweka kifuani.

Saa nne waliitwa. Jeneza lilikuwa katikati ya jukwaa la ukumbi, jeneza la kweli lililoazimwa kwa fundi wa Kisian, na ndani yake lilikuwapo umbo refu limefungwa shuka nyeupe kutoka kichwa mpaka miguu, kama tunda lina kichwa na miguu. Daktari Wechuli aliketi kwenye meza ya waamuzi. Alikuwa Mbukusu, na kwao kuna maneno ya msibani ambayo baba yake asingeyasema jukwaani hata ukimpa ng'ombe wawili. Alilijua hilo vizuri. La wengine aliliona kuwa somo.

"Anaitwa nani?" Seline alimwuliza Sheryl pembeni ya jukwaa.

"Nani?"

"Huyu."

Sheryl aliangalia karatasi. "Tumeandika Marehemu tu, Dani. Weka jina lolote."

Kijana mwenye maikrofoni alikuwa amekwisha kumtangaza. Seline alipanda. Akalizunguka jeneza mara moja, kimya. Watu wakadhani ndivyo inavyoanza. Kumbe alikuwa akitafuta jina lolote, kama alivyoambiwa, na majina yote aliyoyajua yalikuwa na wenyewe. Mbele ya macho yake aliona ufuko asioujua, na mzee asiyemjua akiweka jiwe. Jiwe la kwanza, la pili, la sita. Hakuna anayesema neno.

Akafungua mdomo.

Aliimba kwa Kijaluo, lakini hata Wakuria walielewa. Alisema: Calvince, wewe uliyecheka kwa pua. Wewe uliyekula samaki ukianzia mkiani ili kichwa kikungoje. Mjukuu wa Akelo aliyefukuza fisi kwa mwiko. Wewe uliyeniambia nichemshe maji ya kuoga, unakuja sasa hivi. Yale maji nimeyachemsha miaka mitatu. Nilisema huko uliko hawana simu. Nilijua wanazo. Nilisema u hai, nikaufua uongo wangu kila Jumamosi, nikauanika watu wauone. Ziwa lilikula wanne likatapika watatu. Calvince, mama yako amechoka kukungoja. Kufa sasa. Nimekubali, kufa.

Walimu walilia. Wapishi walitoka jikoni na miiko. Inasemekana saa ya ukutani pale ukumbini ilisimama na mpaka leo inasoma saa nne na robo, ingawa mafundi wanadai ni betri. Simu mia mbili zilikuwa zimeinuliwa juu.

Alipomaliza aliweka kiganja juu ya shuka, na kwa mara ya kwanza tangu mashua ile ionekane, machozi yake mwenyewe yalimtoka.

Ndipo wakapiga makofi. Walisimama wote, wakapiga makofi, wakapiga mbinja, wakagonga viti. Kijana wa maikrofoni akapaza sauti, "Makofi tena! Makofi tena kwa dani wetu!" Katika maisha yake yote ya kulilia wafu, Seline hakuwahi kupigiwa makofi. Alisimama pale mkono juu ya mtoto wake, asijue anatazama wapi.

Alitaka kukaa na jeneza. Sheryl, macho mekundu, alimshika mkono kwa upole akamwambia kwamba sheria inataka washiriki wote waketi mbele mpaka matokeo. Alimpa soda. Seline akakaa. Alijiambia kwamba atalichukua tunda baadaye, alipeleke Usenge, lilazwe kabla ya giza. Lilikuwa limekwisha kuliliwa, na alijua sasa ni nani amelala mle.

Alingoja isukuti. Alingoja Wateso. Alingoja mchezo wa kuigiza uliokuwa na jini. Mwishowe matokeo yakasomwa: isukuti nambari ya kwanza, dengo nambari ya pili. Daktari Wechuli alieleza kwamba hisia zilikuwa za hali ya juu, ila mshiriki alipitisha muda kwa dakika mbili, kwa hivyo alama tano zilikatwa.

Nyuma ya jukwaa hakukuwa na jeneza. Fundi wa Kisian alikuwa amelifuata kwa mkokoteni, amepata mfiwa wa kweli. Hakukuwa na shuka. Ilivaliwa na jini kwenye mchezo. Palikuwa na mzee mmoja tu aliyekuwa akifagia, kwa jina Walubengo, mtu wa Bungoma, kofia ya sufu kichwani.

"Baba, kilichokuwa kwa jeneza kiko wapi?"

"Ile yago? Nimerudisha na zingine, mama."

"Zingine zipi?"

Akampeleka. Chini ya mti karibu na maktaba kulikuwa na lundo. Matunda yalikuwa yakianguka wiki nzima kwa upepo wa mvua, na Walubengo aliyakusanya pale yasije yakampasua mwanafunzi kichwa. Arobaini na moja. Wengine husema sabini, lakini Seline aliyahesabu, na yalikuwa arobaini na moja, marefu, ya kijivu, yote sawa.

"Umeliweka wapi? Juu? Pembeni?"

"Nilitupa tu, mama. Halafu nikapindua lundo, nipate mahali pa kuweka zile za leo." Alimtazama usoni, akavua kofia. "Kwani lilikuwa la nani?"

"La kwangu."

Walubengo aliitia kofia mfukoni. Alipiga magoti akaanza kuyapanga kwenye nyasi, moja kando ya jingine. "Lilikuwa na alama? Kovu? Lilipinda upande gani?"

Seline aliinama juu ya tunda la kwanza.

"Sikumwona," alisema. "Walikuwa wamemfunika."

Mvua ikaanza. Aliyagusa yote, moja moja. Aliyainua akayalaza mkononi kama anavyolazwa mtoto, akangoja lolote limwambie kitu. Mengine yalikuwa baridi, mengine yalikuwa baridi zaidi. Mara mbili alisema "ndiye huyu," akatembea hatua tatu nalo, akarudi. Walubengo alimwambia achukue lolote, Mungu anajua. Seline akajibu kwamba Mungu alijua pia lile la kwanza, ziwani, na hakusema.

Aliondoka mikono mitupu.

Hakujua kwamba sauti yake ilikuwa imemtangulia. Video ilifika Usenge kabla ya saa sita, simu kwa simu, na Mzee Obiero, aliyengoja neno hilo miaka mitatu, hakungoja zaidi. Seline alipoingia bomani saa kumi na moja, alikuta watu wamekaa kwenye viti vya kanisa na shimo limechimbwa kando ya kibanda cha Calvince.

Obiero alimjia, sauti yake laini kuliko siku zote. "Mama Calvince. Pole. Umefanya vizuri. Umemleta?"

"Amepotea."

"Amepotea namna gani?"

Akamweleza. Obiero alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia shimo, lililokuwa tayari na maji ya mvua chini yake. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi mpaka kesho, kila mtu pale alijua. Lisipopewa kitu litajichagulia mtu. Na mti wa yago ulio karibu zaidi ulikuwa mbali, na jua lilikuwa linashuka.

"Kateni mgomba," aliwaambia vijana.

Wakaleta kipande cha mgomba, urefu wa mtu, kikidondosha maji. Wanawake walipoanza kuuliza nani ana shuka, Seline alikwenda kwenye kamba ya nguo, akaanua lile shati. Alilivisha mwenyewe. Akafunga vifungo vyote, hata cha shingoni ambacho Calvince alikuwa hapendi kifungwe.

Wakashusha. Vijana wakashika majembe, wakamngoja. Mgomba ulikuwa umelala kwenye maji, shati linaelea kidogo.

"Mwimbie," Obiero alisema.

Seline alifungua mdomo. Watu waliinamisha vichwa, wakijiandaa. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

"Nimemaliza," alisema. "Nilimmalizia kule."

Walitazamana. Hakuna aliyewahi kuzikwa kwenye boma lile bila dengo. Obiero akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaishika juu ya kaburi kwa mkono ulionyooka. Sauti ya Seline ikatoka, nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya kopo. Calvince, wewe uliyecheka kwa pua. Udongo ukaanza kuingia. Wimbo ukafika mwisho, na makofi yakafuata, na mbinja, na kijana wa maikrofoni akiomba makofi tena, makofi tena kwa dani wetu. Vijana waliendelea kutupa udongo, macho chini. Makofi yalikatika. Video ikajirudisha mwanzo, ikaanza upya.

"Izime," Seline alisema.

Obiero aliigeuza simu huku na huku, akaibonyeza kwa kidole gumba chenye udongo, mara tatu, mara nne. Hakujua inazimwa wapi.